Visu Sita vya Kulia

Shinyanga, Jumamosi alasiri

Mwanangu Kabula,

Umekwenda parokiani kuagana na wanakwaya wenzako, na najua hawatakuachia mapema. Nimefunga mlango wa karakana kwa ndani, nikapangusa mafuta mezani, nikakaa kuandika. Naandika kwa sababu jambo lenyewe nimejaribu kulisema kwa mdomo mara nne wiki hii, na mara zote nne nimeishia kukuuliza kama umekula.

Sitakuandikia habari za nauli, wala za kutoliacha sanduku peke yake, wala za kutopokea chai ya mtu usiyemjua treni itakaposimama Tabora. Shangazi yako ameshayasema hayo mara tatu, na mara ya tatu aliyasema kwa kuimba. Mimi nataka kulijibu swali uliloniuliza juzi.

Ulikuwa na kalamu na lile daftari lako la mistari. Ukasema, "Mama, nikimaliza masomo, kabla sijapanda treni ya kurudi, nitapita madukani Dar. Nikununulie kishikio cha visu cha aina gani? Na visu, nilete vya kabaidi au hivi hivi vya haispidi?" Nikakujibu kwamba nimechoka, tutaongea kesho. Ukaandika juu ya ukurasa, "Vya mashine yetu," ukapiga mstari, ukaacha nafasi chini yake. Jana nilifungua daftari nikauona ukurasa huo. Bado mtupu.

Nitakujibu kama fundi anavyomjibu fundi mwenzake. Ila nikimaliza kukujibu nitakuwa nimekwambia pia kosa nililokufanyia, na hilo ndilo ninaloliogopa. Unaondoka ukiwa umeapa kurudi baada ya miaka miwili kuisimamia mashine hii. Ulimwapia mjomba wako Shija mbele yangu, na mimi ndiye niliyemwita aje asikilize. Nataka kesho upande treni ukiwa hujafungwa na kiapo hicho. Lakini siwezi kukufungua bila kukueleza nilivyokufunga.

Nianze na visu.

Mashine hii ya kukerezea chuma baba yako aliileta kwa mkokoteni wa ng'ombe, mwaka mmoja kabla hujazaliwa. Alikuwa mkerezaji katika karakana ya mgodi wa almasi, na Mzungu mmoja aliyekuwa msimamizi wake alikuwa anarudi kwao. Mzungu yule alikuwa nayo nyumbani kwake, anaitumia jioni kujifurahisha, anakereza vigari vya moshi vya kuchezea, vidogo kama kiberiti. Ndiyo maana ni ndogo, na ndiyo maana inakanyagwa kwa mguu. Majirani walipoona kanyagio lile walicheka mpaka wakashikana mabega. "Luhende kamnunulia mkewe cherehani ya chuma!" Baba yako hakujali. Aliichimbia miguu ya meza yake chini, akaimwagia zege, akasema, "Hapa ndipo itakapozeekea."

Mashine ilikuja bila visu. Mzungu aliondoka navyo, au alivigawa, sijui. Wakati huo baba yako alikuwa amekubaliana na chama cha ushirika kuwakerezea bushi arobaini za magurudumu ya plau kabla mvua hazijaanza. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kujitegemea. Akaniita, kwa sababu barua za nyumba hii nimeziandika mimi tangu nilipoolewa. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane kwa masista kule Bukombe, na nilijivunia mwandiko wangu kuliko sura yangu.

Akasema, "Andika kule dukani Mwanza. Tunataka visu vya kulia sita, vya mashine."

Wewe unajua kisu cha kulia ni kipi. Ni kile ambacho kikishika kazi kinakata kikielekea kushoto, na mpaka leo sijui aliyekiita hivyo aliwaza nini. Mimi sikujua hata hilo. Nikaandika barua nzuri sana. Nikamwamkia mwenye duka, nikamtakia afya njema yeye na jamaa yake, nikamwomba atutumie visu vya kulia sita, vilivyo imara. Maneno "vya mashine" niliyaacha. Niliona yanaharibu sentensi. Sista alikuwa ametufundisha kwamba neno lisilo na kazi liondolewe, na mimi nililiona halina kazi.

Kifurushi kilikuja na basi baada ya wiki tatu. Baba yako alikifungua hapa hapa. Ndani mlikuwa na visu sita vya mezani, vya mipini myeupe, vimefungwa kwa karatasi laini kama mayai.

"Milembe."

"Abee."

"Hivi ni vya nini?"

"Si ulisema vya kulia?"

"Vya kulia nini?"

Nikachungulia ndani ya kifurushi kama kuna vingine.

"Vya kulia ugali?" Akakaa chini akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Basi waite watu wa ushirika waje, tuwape sahani." Halafu akaacha kucheka, akakitazama kimoja, akasema taratibu, "Kulia, tutalia kweli."

Ndivyo hivyo hivyo unavyomenyea mihogo, mwanangu. Vimebaki vinne. Sikuwahi kukwambia vilikotoka.

Siku za kuandika barua nyingine hazikuwapo. Baba yako akaleta kisu kutoka kazini kwake, kile cha mashine kubwa, kinene kama kidole gumba. Kishikio cha mashine yetu ni kile cha kizamani cha boliti moja, kimetengenezwa kwa kisu chembamba. Akakinoa kisu kile upande wa chini mpaka kikaingia kwa shida, lakini ncha ilibaki juu ya katikati ya kazi. Sasa unajua kisu kikikaa juu kinafanya nini. Hakikati, kinasugua. Chuma kinapata joto, kinang'aa, unadhani kazi inakwenda, kumbe hakuna kilichotoka. Yeye alijua pia, alikuwa fundi kuliko mimi na wewe. Lakini mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Akasukuma. Akaendelea kusukuma. Kishikio kikapasuka, kipande kikamng'oa ukucha wa kidole cha shahada, na bushi alizokuwa amemaliza zilikuwa saba. Ushirika wakachukua kazi yao wakampa mtu mwingine.

Hakunigombeza hata siku moja. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Aliendelea na kazi ya mgodini, akakiunga kishikio kwa moto, ukazaliwa wewe, miaka ikapita, lakini hakukaa tena kwenye mashine hii akiwa na furaha. Ulipofika miaka sita akasikia kwamba wachimbaji wa dhahabu kule Geita wanamtaka mtu anayejua chuma. Akaacha kazi, akaniambia atarudi kabla pamba haijavunwa, na kwamba atakuja na vishikio vya kisasa. Akaniambia niitunze mashine.

Mengine unayajua. Anaishi Kalangalala, huko huko Geita, na mama wa wadogo zako, na sina neno baya la kumsemea yule mama. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ni mimi niliyemfukuza kwa barua yangu ile nzuri. Niliamini kwamba nisingeliacha neno moja, bushi arobaini zingekerezwa na baba yako angekuwa hapa. Hukumu hiyo nilijipa mwenyewe, na adhabu yake nikaichagua mwenyewe pia: kuitunza mashine. Leo najua kwamba mtu haachi nyumba yake kwa ajili ya visu sita. Lakini nimechelewa kujua.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kukereza. Sikuwa na mapenzi nayo. Niliogopa ikikaa itapata kutu, na baba yako akirudi ataikuta imeharibika. Nikawa naikanyaga kila siku kidogo, kama mtu anavyomtembeza mgonjwa. Kisha nikaweka kipande cha mti, nikakikereza. Kisha shaba laini. Chuma nilikigusa mwezi wa tano.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee mmoja wa Kishapu, amekuja na pini ya plau iliyolika mpaka ikawa nyembamba kiunoni.

"Mwangaluka, mayu. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Fundi mwenyewe, nasema."

"Ndiye mimi mwenyewe."

Akatazama huku na huku, akatazama nyuma ya mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza habari za msiba, "Kwani mwanamume amekwenda wapi?"

"Geita."

"Aa." Akakaa. "Basi nitamngoja."

Alingoja mpaka saa nane. Mimi nikaichukua pini yake, nikakereza nyingine mbele yake, wewe ukiwa umekaa kwenye ndoo unazungusha mpini wa jiwe la kunolea. Alipoishika akaizungusha mkononi, akaipeleka puani akainusa, sijui kwa nini. "Wabeja, mayu," akanishukuru. Akafika mlangoni akageuka. "Mumeo akirudi mwambie kazi yake nimeipenda."

Sasa nikujibu kuhusu visu. Kabaidi, ile ncha ngumu inayobandikwa kwenye kisu, inang'aa, inavutia, na watu wa madukani watakusifia kwamba haihitaji kunolewa. Ni kweli kwa mashine kubwa yenye mota, iliyo nzito, inayozunguka kwa kasi. Kwenye mashine ndogo ya kukanyaga inakatika ncha kama meno ya mtoto, kwa sababu mashine ndogo hutetemeka na kabaidi haipendi kutetemeshwa. Nilipoteza tatu kabla sijakubali. Nilizipenda kwa kuwa zilikuwa za kisasa, na baba yako aliondoka akitaja vitu vya kisasa. Haispidi, chuma cha visu vyetu hivi, inataka kunolewa mara kwa mara, lakini inakubali jiwe letu, inakubali mkono wako, na kosa lako unaweza kulisahihisha mwenyewe jioni ile ile. Inoe upande wa mbele, inoe upande wa kando, uifanye iteremke kidogo chini ya ncha ili isisugue. Wewe unanoa vizuri kuliko mimi. Nimeshakwambia hivyo? Sikumbuki. Nakwambia sasa.

Kuhusu kishikio, nimepitia vya aina mbili, cha tatu nimekitamani tu.

Cha kwanza ni hiki cha boliti moja. Tabu yake ni kwamba kila unapobadilisha kisu lazima ukipandishe kwa vipande vya bati mpaka ncha ifike katikati. Ulijifunza kuhesabu kwa vipande vile. Nilikufundisha kubana wembe kati ya ncha na kazi: wembe ukisimama wima, sawa, ukiinama kuja kwako, kisu kiko chini, ukiinama kwenda upande wa pili, kiko juu. Ulikuwa na miaka minane. Ulisema, "Mama, wembe unatuambia ukweli." Nikakuangalia hivi, nikafikiri, huyu ndiye atakayebaki na mimi.

Soma tena sentensi hiyo, Kabula. Sikufikiri kwamba huyu atakuwa fundi. Nilifikiri kwamba huyu atabaki na mimi.

Cha pili ni kile cha pande nne, nilichobadilishana na fundi wa baiskeli kwa kazi ya wiki mbili. Kinashika visu vinne kwa pamoja, unakizungusha tu. Nilikipenda sana siku mbili. Siku ya tatu niliinama kupangusa vumbi la chuma, nikasahau kwamba visu vitatu visivyo kazini bado vimetokeza, na kovu lililo kwenye kifundo cha mkono wangu unalijua. Kwenye mashine kubwa mkono una nafasi. Kwenye ndogo kila kitu kiko karibu mno. Ndiyo maana nilikirudisha.

Cha tatu tulikiona pamoja kwenye ile karakana ya misheni, tulipokwenda Bukombe kumzika babu yako. Bruda wa pale alikifungua akatuonyesha. Kila kisu kina nyumba yake ndogo ya chuma yenye skrubu. Unakiweka kwenye urefu wake mara moja tu. Ukikihitaji unakichomeka, ukimaliza unakitoa, na siku ukikirudisha kinakaa pale pale, hata unywele haupiti. Hakuna bati, hakuna kubahatisha. Tulirudi nyumbani ndani ya basi tukikizungumzia njia nzima, wewe ukikichora kwa kidole kwenye vumbi la kioo.

Nilikitamani kuliko nilivyowahi kutamani nguo. Na juzi uliponiuliza, ilinijia kwa nini. Hivyo ndivyo nilivyotaka na wewe uwe. Utoke miaka miwili, uchomekwe tena, ukae pale pale.

Sasa sina pa kujificha, kwa hiyo nakwambia.

Mwaka jana barua yako ya chuo ilikuja.

Ilikuja kwa sanduku la parokia, na kwa kuwa mimi ndiye ninayewasomea barua wasiojua kusoma, nilikabidhiwa mimi. Niliifungua njiani. Ilikuwa na jina lako lote, ikisema umechaguliwa, ikitaja siku ya kuripoti na vitu vya kuja navyo. Nilisimama kando ya reli nikaisoma mara mbili. Nilifurahi, Kabula, Mungu ni shahidi wangu, nilifurahi kuanzia pale nilipokuwa mpaka kwenye maghala ya pamba. Nilipoyapita maghala nikaanza kuiona karakana bila wewe. Nikaiona mashine, na mimi niko peke yangu nayo, na zege lile. Nilipofika nyumbani ulikuwa unanoa. Ukaniuliza bila kugeuka, "Mama, barua haijaja?"

Nikasema, "Haijaja."

Ni neno moja. Niliingia chumbani nikaiweka chini ya vipande vya bati ndani ya kopo la zamani la mafuta, kopo ambalo wewe huligusi kwa kuwa vipande vyake ni vya kile kishikio cha pande nne.

Uliniuliza tena wiki iliyofuata. Na iliyofuata. Siku ya kuripoti ilipopita hukuuliza tena. Jioni ile ulikuwa unakereza pini, ukapitisha kisu mpaka pini ikakatika, wewe ambaye hujawahi kukata pini. Ukaiokota, ukasema, "Nadhani sikufaulu, Mama. Nilidhani nimefaulu hesabu." Nikakuambia kwamba si wote wanaochaguliwa. Nikakupikia wali. Nilikupikia wali siku ya kazi, na wewe ukanishukuru.

Mjomba wako alipokuja alisema, "Bora hivyo. Mali ya mwanamume haiachwi bila mtu." Nikaitikia kwa kichwa.

Mwaka mzima niliishi hivyo. Nilikuona unaacha kuimba ukiwa kazini. Nilikuona umechukua vitabu vyako vya kidato cha nne ukavifunga kwa kamba, ukaviweka juu ya kabati kama vya marehemu. Na mara moja ulinifariji mimi! Unakumbuka? Ulisema, "Usihuzunike, Mama. Hapa pia ni chuo." Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo mpaka nikaweza kurudi.

Sijui ni siku gani hasa niliyoshindwa. Nadhani ni ile baba yako alipotuma tena salamu kwa dereva wa lori: "Mwambie Mama Kabula mashine asiiuze, nakuja kuichukua." Miaka kumi na miwili anakuja kuichukua. Nilikuwa nimeshika wembe mkononi, naupima urefu wa kisu, nikaona nilichofanya. Mimi niliambiwa nitunze kitu, nikakaa. Hakuna aliyenifungia mlango. Nilikaa, nikasubiri, na nilipochoka kukaa peke yangu nikakuweka wewe ndani pamoja nami, bila kukuuliza, kwa neno moja.

Kwa hiyo barua ya mwaka huu haikuja yenyewe kama ulivyodhani. Niliwaandikia chuo. Niliwaambia kwamba binti alichaguliwa na barua ilifika, ila mama yake ndiye aliyeizuia, na kama kuna adhabu nipewe mimi. Safari hii sikuliacha neno lolote, hata yale yaliyoharibu sentensi. Walijibu kwa mistari mitatu kwamba nafasi ipo na uripoti. Ulipoipokea uliruka ukagonga kichwa kwenye rafu, ukaniambia, "Mama, wamenikumbuka!" Nami, badala ya kukwambia ukweli pale pale, nikakimbilia kwa mjomba wako, nikakuapisha kurudi. Hata baada ya kuifungua pingu moja, mkono wangu ulikwenda wenyewe kutafuta nyingine.

Barua ya mwaka jana nimeiweka ndani ya bahasha hii. Ina madoa ya mafuta pembeni. Siombi uichukulie kwa wema. Ukikasirika, kasirika. Umepotezewa mwaka, na mwaka mtu haupewi tena. Nitakupa bahasha hii kesho stesheni, treni ikiwa imeshapiga honi, kwa sababu mimi ni mwoga, na kwa sababu sitaki usome ukiwa mahali ambapo nikilia utaahirisha safari. Nakujua. Ungeahirisha.

Kiapo chako nakirudisha. Mjomba wako nimeshamwambia leo asubuhi. Alifoka kidogo.

"Na mashine nani ataisimamia?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Luhende. Si amesema anakuja kuichukua?"

"Wewe Milembe, unajua hatakuja."

"Basi nitamfuata nimwambie aje na nyundo, maana zege lile alilimwaga yeye."

Mjomba wako alitaka kukasirika, akacheka, akaomba maji ya kunywa. Jumanne napanda lori kwenda Kalangalala. Sijawahi kufika. Nitamsalimia baba yako na yule mama na wadogo zako, nitamwambia mashine ni yake na nyumba ni yangu, na nitarudi siku ya pili. Pini nilizoahidi watu wa Kishapu nitazimaliza kwanza. Baada ya hapo, sijui. Mkuu wa elimu ya watu wazima aliwahi kuniuliza kama ningependa kufundisha jioni, nikamwambia nina mashine. Huenda nikamuuliza kama nafasi ile bado ipo. Sikuahidi kitu. Nakwambia tu ili usinione nimekaa gizani kwa ajili yako.

Kuhusu ukurasa wako mtupu: usiandike chochote pale kwa ajili yangu. Utakapopata mashine yako, popote itakapokuwa, itazame kwanza ukubwa wake na nguvu zake kabla hujatazama uzuri wa visu. Nunua haispidi, ujinolee. Kishikio cha Bruda ni kizuri, kinunue ukiweza. Kisu hakiumii kurudishwa pale pale. Na ukiagiza kwa barua, andika maneno yote.

Nasikia sauti yako kwa jirani, unawaamkia. Naacha hapa.

Ukifika Dar, ukipenda, niandikie. Kama hutapenda, nitangoja bila kulalamika, nimezoea. Lakini ukiandika usinitajie siku ya kurudi. Nieleze unapokaa: dirisha linatazama wapi, nani analala kitanda cha jirani, asubuhi mnaamshwa na nini. Niandikie hivyo, ili nikikuwaza nikuwaze uko huko.

Mama yako,
Milembe